Je, mashine ya kupumulia ingemwokoa mtoto wetu?

Swali

Shikamoo daktari. Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye mwaka mmoja na miezi minne, alifariki katika hospitali ya wilaya huko kwetu pwani. Wanasema ni nimonia. Walifika saa tatu usiku mtoto akihema kwa shida, watu walikuwa wengi, wakakaa kwenye benchi mpaka karibu saa sita. Baadaye alipigwa sindano na kutundikiwa dripu. Dada anasema alfajiri mtoto alitulia, naye akamshukuru Mungu, akasinzia. Alipoamka mtoto hapumui. Nesi alimbonyeza kifua na kumpa pumzi kwa mfuko kama robo saa, kisha daktari akasema basi. Sisi ndugu tulioko hapa Muscat tumechanga fedha, tunataka kuinunulia wodi ile mashine ya kupumulia ya ICU, yaani ya chumba cha wagonjwa mahututi. Je, mashine hiyo ingemwokoa? Daktari aliacha mapema? Na nimwambie nini dada, maana anajilaumu kwamba alilala?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na dada yako na nyumba nzima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipofika pale mtoto "alitulia" ilinibidi niiweke chini kwanza. Nitakueleza kwa nini. Mtoto wenu sikumwona wala faili lake sikulishika, kwa hiyo siwezi kumhukumu yeyote aliyekuwa zamu usiku ule. Lakini njia aliyopita mtoto huyo naijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu, wodini na ICU, imekuwa kuwawahi watoto walioishika njia hiyo na kujaribu kuwarudisha.

Nianze na moyo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoelewa kinyume.

Mtu mzima akianguka ghafla sokoni, mara nyingi kosa liko ndani ya moyo wenyewe. Mshipa unaoulisha moyo damu umeziba, umeme wa moyo umevurugika, na moyo uliokuwa ukipiga sawasawa dakika moja iliyopita sasa unatetemeka tu bila kusukuma kitu. Mapafu ya mtu huyo bado yana hewa na damu yake bado ina oksijeni. Akibonyezwa kifua upesi na kupigwa shoti ya umeme, anaweza kurudi. Hicho ndicho tunachokiona kwenye filamu.

Kwa mtoto mambo ni tofauti kabisa. Moyo wake ni mzima, tena mara nyingi ndicho kiungo chenye nguvu kuliko vyote alivyo navyo. Husimama mwisho, baada ya vingine kushindwa. Hufika huko kwa njia kubwa mbili: ama pumzi inashindwa, ama damu haizunguki vya kutosha mwilini. Nimonia, pumu, kuzama majini, kupaliwa na punje ya karanga, degedege lisilokoma, hizo hupita njia ya pumzi. Kuhara kukali, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, kutokwa na damu nyingi, hizo hupita njia ya pili. Malaria kali huweza kupita zote mbili, hasa ikishamla mtoto damu. Mwisho wake ni mmoja: oksijeni haiufikii moyo, moyo unapunguza mwendo, unanyamaza. Hakuna mshipa ulioziba wa kuzibuliwa. Hata ile mashine ya shoti mara nyingi haina kazi, kwa kuwa moyo hautetemeki, umetulia tuli.

Ndiyo maana nikisikia "moyo wa mtoto umesimama", swali langu la kwanza ni saa ngapi alianza kuzidiwa. Kwa mtoto mwenye nimonia huwa kuna saa kadhaa kabla ya hapo, na katika saa hizo mwili wake unatupigia kelele.

Mvue mtoto shati, mweke penye mwanga, hesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa. Kwa umri wa mpwa wako, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, ni kuanzia 50. Kisha tazama sehemu ya chini ya kifua: kila akivuta hewa, panabonyea kuingia ndani badala ya kutanuka. Tundu za pua zinapanuka. Kichwa kinainamaina kwa kila pumzi. Akifika pabaya zaidi huanza kuguna mwishoni mwa pumzi, kimguno kidogo kama cha mtu anayeinua gunia. Kile kimguno si uchungu. Anafunga koo kidogo ili hewa ibaki ndani, mapafu yake yasijikunje. Yaani mtoto wa mwaka mmoja, bila kufundishwa na mtu, anajifanyia mwenyewe kazi ambayo mashine hufanya.

Lakini ni kama mtu anayetwanga kinu usiku kucha bila wa kumpokea mchi. Misuli ya mbavu inachoka. Pumzi zilizokuwa 70 zinashuka hadi 50, halafu 30. Kimguno kinakwisha. Kifua kinaacha kubonyea. Mtoto aliyekuwa akilia na kukataa kulazwa chini anafumba macho. Kwa mzazi aliyekesha, huo ni usingizi wa nafuu. Kwetu sisi, huyo ndiye mtoto wa kuachiwa kila kitu na kukimbiliwa. Moyo uliokuwa ukipiga mara 170 kwa dakika nao huanza kushuka, na ukifika chini ya 60 huku mtoto amelegea na mikono imekuwa ya baridi, hatungoji usimame. Tunaanza kumbonyeza kifua hapohapo.

Sasa swali lako kuhusu daktari. Mwaka 2009 watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha matokeo ya watoto waliojaribiwa kuhuishwa katika hospitali ya pale. Waliwatenganisha waliokata pumzi huku moyo ukiendelea kupiga, na wale ambao moyo nao ulikuwa umesimama. Katika kundi la kwanza wapo waliorudi nyumbani na mama zao. Katika kundi la pili hakurudi hata mmoja. Wakaandika kwamba mahali pasipo na mashine za kupumulia, mtoto asipoitikia ndani ya dakika 15 haielekei kwamba kuendelea kutamsaidia. Hiyo robo saa uliyoitaja ndiyo hiyo. Nesi aliyebonyeza na daktari aliyesema basi walimfikisha mtoto wenu mpaka pale elimu yetu inapofika. Na kusema neno lile "basi" ni kazi nzito. Wapo wenzangu nimewaona wakilisema kisha wakatoka nje kushika ukuta.

Pengine mtu atakuambia kwamba angekuwa Ulaya au Marekani angepona. Inawezekana, ila si kwa sababu huko wanabonyeza kifua vizuri zaidi. Katika hospitali za Marekani zinazokusanya kumbukumbu hizi kwa pamoja, watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani baada ya moyo kusimama hospitalini walikuwa kama 14 kati ya 100 mwaka 2000, wakafika 43 mwaka 2009. Wengi wa watoto hao moyo ulisimama wakiwa tayari ICU, wamefungwa vipimo, mtu amesimama pembeni, na kubonyeza kulianza kabla mama hajageuza shingo. Mpwa wako haijulikani alikaa dakika ngapi bila pumzi kabla dada hajaamka. Ubongo wa mtoto hauna akiba ya dakika nyingi.

Hapa nitoke kidogo kwenye swali lako, kwa sababu pwani kwetu watoto huzama na wanaosoma haya wengine ni wazazi. Mtoto akikutwa hapumui, pumzi ndiyo dawa yake ya kwanza. Ule ushauri wa kubonyeza kifua tu bila kupuliza ni kwa ajili ya mtu mzima aliyeanguka ghafla. Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto ambao moyo ulisimama kwa sababu nyingine isiyo ugonjwa wa moyo walitoka salama zaidi walipopewa pumzi pamoja na kubonyezwa. Piga kelele upate msaidizi. Inua kidevu kidogo, puliza pumzi tano uone kifua kinapanda; kwa mtoto mchanga funika mdomo na pua kwa mdomo wako. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua mpaka kishuke theluthi ya unene wake, mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, mara 30, kisha pumzi mbili, kisha tena. Kwa kitoto kidogo, kizungushie kifua mikono yako miwili na ubonyeze kwa madole gumba mawili. Kumning'iniza miguu juu ili maji yatoke ni kupoteza zile dakika chache alizonazo.

Turudi kwenye mashine yenu.

ICU ilianza na mikono ya watu. Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen, Denmark, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua wakawa wanakufa karibu wote. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alishauri msichana wa miaka 12 atobolewe koo na kupitishiwa mpira, akampa pumzi kwa kuminya mfuko. Msichana akanusurika. Mashine hazikuwapo za kutosha, ndipo wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 kwa jumla, wakakaa zamu kwa zamu vitandani wakiminya mifuko usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Vifo vikashuka sana. Kinachonigusa mimi katika habari hiyo ni kwamba kila mtoto alikuwa na mtu wake. Mtu huyo alikuwa akimtazama uso, anamshika mkono, anajua akibadilika rangi. Mashine ilikuja baadaye kumpumzisha mkono mtu yule. Kazi ya macho ilibaki kwa binadamu, na mpaka leo iko kwake.

Kwa hiyo kabla hamjatuma fedha, hesabu na mimi. Juma lina saa 168. Nesi mmoja akifanya saa 40, kitanda kimoja chenye mashine ya kupumulia kinahitaji manesi wanne na ziada, na ukiweka likizo na maradhi ni watano. Kwa kitanda kimoja tu. Katika wodi nyingi za wilaya usiku kuna nesi mmoja au wawili kwa watoto wote waliolala, wengine wawili wawili kitandani. Mtoto aliye kwenye mashine mpira wake wa kooni ukizibwa na makohozi, au ukichomoka akijigeuza, ana dakika chache. Anahitaji kunyonywa makohozi kila mara, dawa ya kumtuliza isiyokatika, mipira ya ukubwa wake, hewa iliyolainishwa kwa mvuke. Tena mashine nyingi za ICU zinataka oksijeni yenye msukumo mkubwa, ile inayotoka kwenye bomba la ukutani au mtungi. Hospitali yenye konsentreta peke yake, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, haina msukumo huo.

Nimewahi kuingia kwenye hospitali moja nikaonyeshwa kwa fahari mashine ya kupumulia waliyopewa zawadi. Ilikuwa kwenye kona ya stoo, nailoni bado imeivaa, bomba lake la oksijeni lina kichwa ambacho hakikuingia kwenye tundu lolote la jengo lile. Hatua kumi kutoka pale, mlango wa pili, mtoto mwenye mbavu zinazobonyea alikuwa akingoja mtungi umalizike kwa mwenzake. Waliotoa zawadi ile walitoa kwa moyo safi kama ninyi. Ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu huu.

Hata kifaa chepesi kina masharti yake. Huko Dhaka, Bangladesh, Daktari Mohammod Jobayer Chisti na wenzake walichukua chupa tupu ya shampuu, wakatia maji, wakazamisha ncha ya mpira wa hewa ya mtoto ndani yake. Mtoto akitoa pumzi, inabidi isukume maji ndipo itoke. Yanatokota kwa mapovu, na msukumo ule mdogo unayazuia mapafu yasijikunje. Ni kazi ileile ya kimguno, sasa inafanywa na chupa. Katika utafiti wao wa mwaka 2015 wa watoto 225 wenye nimonia kali, waliowekewa chupa walikufa 4 kati ya 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida 15 kati ya 100. Dunia ikafurahi. Kisha njia kama hiyo ikajaribiwa Salima, Malawi, katika hospitali ya wilaya, kwa watoto 644. Matokeo ya mwaka 2019 yalikuja kinyume: waliowekewa kifaa walikufa 17 kati ya 100, wa oksijeni ya kawaida 11. Fikra ileile na ugonjwa uleule. Dhaka kulikuwa na madaktari waliozoea kazi ile, wanapita na kurudi kila mara. Salima wauguzi na matabibu waliachiwa mzigo huo juu ya mizigo mingine, bila daktari bingwa wa kupita kila siku. Tofauti nyingine zilikuwapo, lakini hiyo ndiyo inayonikaa kichwani kila ninapoulizwa kuhusu kununua kifaa.

Na kuhusu dripu. Kwetu mgonjwa asipotundikiwa dripu ndugu huona hajatibiwa, nasi madaktari tulifundishwa kutoka vitabu vya nchi tajiri kwamba mtoto ambaye damu haimzunguki vizuri amiminiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ile ya Tanzania ikiwa Muheza, Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu waligawanywa: wengine wakamiminiwa maji ya chumvi, wengine maji ya albumini, yaani protini ya damu, wengine hawakumiminiwa. Ndani ya saa 48 walikufa 10.5 na 10.6 kati ya 100 kwa waliomiminiwa, na 7.3 kwa wasiomiminiwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Nakumbuka nilivyokaa nikiwahesabu watoto niliowamiminia mimi kwa mikono yangu miaka ya nyuma, kwa nia njema na kwa kufuata kitabu. Jambo hili halimhusu mtoto anayeharisha na kukauka maji, huyo maji ndiyo uhai wake na hakuwa katika utafiti ule. Wala sisemi dripu ya mpwa wako ilimdhuru. Dripu ya pole pole ni kitu kingine. Nasema tu kwamba kilichozoeleka kwenye ICU ya London, penye mashine ya kumpokea mtoto pumzi ikilemewa, kinaweza kuua Muheza pasipo na mashine hiyo. Kilichotakiwa kupimwa hapa kilibidi kipimwe hapa, na waliokipima wakabadilisha mwongozo wa dunia.

Basi fedha zenu ziende wapi? Ningekuwa nimekaa nanyi huko Muscat, ningeanza na ile benchi. Saa tatu usiku mpaka saa sita. Hapo ndipo mtoto wenu alikuwa na nafasi yake kubwa. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, waliangalia jambo hilohilo: watoto walikuwa wanakaa foleni pamoja, mwenye upele na anayekata roho, wa kwanza kufika wa kwanza kuonwa. Wakawafundisha wafanyakazi wote kuwachambua watoto mlangoni, wakapanga upya vyumba ili aliyezidiwa apelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha dharura. Vifo vya waliolazwa, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa kati ya 10 na 18 kwa kila 100, vikashuka vikawa kati ya 6 na 8. Mafunzo hayo leo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na yanafundishwa nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo ya zilizoyachukua kwa uzito. Hata mlinzi wa getini anaweza kufundishwa kumtambua mtoto wa kupitishwa mbele: asiyeamka, anayehangaika kupumua, anayetetemeka kwa degedege, mwenye viganja vya baridi.

Cha pili ni kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kile chenye mwanga mwekundu. Chagua chenye kishikio cha watoto, cha kufungwa kwenye dole gumba la mguu, maana vile vya mtu mzima vinateleza na kusema uongo. Macho yetu ni mashahidi wabaya: mtoto mweusi, tena aliyeishiwa damu, hawi wa bluu mpaka amechelewa sana. Namba ikiwa chini ya 90, apewe oksijeni, hakuna mjadala.

Na cha tatu ni oksijeni yenyewe. Konsentreta huvuta hewa hii tunayopumua, yenye oksijeni 21 kwa 100, inachuja naitrojeni na kutoa oksijeni ya zaidi ya 90. Mtoto wa umri wa mpwa wako hutosheka na lita moja au mbili kwa dakika, kwa hiyo mashine ya lita tano yenye kigawanyio inahudumia watoto kadhaa kwa wakati mmoja. Papua New Guinea walifanya hivyo katika hospitali tano, konsentreta pamoja na vipimo vya kidoleni, na mafunzo kwa manesi na mafundi. Katika kumbukumbu za watoto zaidi ya 11,000 wenye nimonia, vifo vilishuka kutoka karibu 5 kwa 100 hadi 3.2. Lakini kwetu pwani chumvi na vumbi ni adui. Nimefungua chujio la konsentreta nikakuta limekuwa kama blanketi la manyoya. Mashine inanguruma, taa inawaka, na inayotoka kwenye mpira ni hewa ya kawaida tu. Chujio lile linaoshwa kwa maji na sabuni kila wiki. Nunueni na kidhibiti umeme, machujio ya akiba, mipira ya puani ya watoto, na mtungi wa kusubiri umeme ukikatika. Ongezeni mifuko ya kupumulisha yenye barakoa za ukubwa wa sifuri, moja na mbili, na vijiti vya kupimia sukari ya damu, kwa sababu mtoto mgonjwa asiyekula huishiwa sukari na kuzimika kimya kimya.

Kabla ya hayo yote pigeni simu kwa mganga mfawidhi na fundi wa vifaa tiba wa hospitali ile. Waulizeni wana nini, kipi kimekufa, nani atakitengeneza. Kifaa kinachotoka nje kina taratibu za TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania; watu wa hospitali watawaelekeza. Na tengeni sehemu ya mchango kwa mafunzo, pamoja na kona moja ya wodi karibu na meza ya nesi, yenye taa nzuri, ambako mtoto aliyezidiwa atalazwa akionekana. Wodi nyingi humlaza palipo na nafasi, na nafasi huwa mwisho kabisa, dirishani, mbali na macho. Kusogeza kitanda hicho hakugharimu chochote.

Usinielewe vibaya kwamba watoto wetu hawastahili ICU. Wanastahili, na nimewaona wakitoka humo wakitembea. Mtoto aliyepooza misuli ya kupumua kwa ugonjwa wa neva, aliyeumwa na nyoka mwenye sumu ya kulegeza, mwenye pepopunda, aliyetoka kupasuliwa moyo, huyo bila mashine hana pa kwenda. Muhimbili pana chumba cha watoto mahututi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, inawafanyia watoto upasuaji uliokuwa ukiwapeleka India. Kenya wanafundisha madaktari bingwa wa dharura na uangalizi maalumu wa watoto hapohapo nyumbani, na hilo kwangu ni kubwa kuliko mashine yoyote. Vyumba hivyo viongezeke, vifike mikoani. Lakini mtoto hufika huko kwa kupitia hospitali ya wilaya, na akipita kwenye benchi kwa saa tatu hafiki.

Umeuliza umwambie nini dada yako. Mwambie kwamba yeye hakuzembea. Alimbeba mtoto usiku, akamfikisha, akakesha naye, na alfajiri aliona kile ambacho mzazi yeyote angekiona: mtoto ametulia. Nimewaona madaktari wapya wakipita kitandani kwa mtoto wa namna hiyo na kuandika kwenye faili kwamba anaendelea vizuri. Kuutambua utulivu ule ni kazi ya mtu aliyefundishwa, mwenye kipimo mkononi, na mama hakuletwa hospitali kufanya kazi hiyo. Kama bado ana maziwa kifuani yanamuuma, aende kliniki wamsaidie. Na akitaka kujua saa zile za mwisho zilikwendaje, ana haki ya kumwomba mganga mfawidhi akae naye, wafungue faili pamoja na kumsomea. Asiende peke yake. Wewe uko mbali. Mtafute mama mdogo au jirani wa kumsindikiza.